Habari za shule ziwafikie wazazi wa Mantapala

Mwaka 2017, maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika walipokewa Kenani, wilayani Nchelenge nchini Zambia. Mwaka uliofuata wengi walihamia makazi ya Mantapala, yaliyopangwa ili wakimbizi na wenyeji wa mkoa wa Luapula watumie huduma kwa pamoja, shule zikiwamo.

Mpango huo unastahili kutetewa kwa nguvu.

Lakini mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa sasa anakutana na Kiingereza na Kibemba. Mwalimu hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Anamhitaji mzazi, na mzazi hawezi kusaidia asipojua kinachoendelea. Tangazo la Kiingereza lililobandikwa ukutani halimfikii mama aliyetoka Pweto, Kongo. Tarehe za mitihani, mikutano, hata habari za mtoto aliyefanya vizuri, zitangazwe kwa Kiswahili na Kibemba, kanisani, sokoni na penye visima.

Zambia haikosi uzoefu wa kuwashirikisha wazazi. Tangu miaka ya 1990, pale serikali ilipochelewa kufika, wananchi walianzisha shule za jamii na kuziendesha kwa kamati za wazazi. Shirika la Zambia Open Community Schools lilikulia katika juhudi hizo, na Sheria ya Elimu ya 2011 inazitambua shule hizo.

Serikali ilifuta ada katika shule za umma hadi sekondari mwaka 2022. Ni hatua kubwa, ila isiwafanye wazazi kuwa watazamaji. Kila kamati Mantapala iwe na wakimbizi na wenyeji, akina mama wakiwamo, na wote waonyeshwe matumizi ya fedha za shule.