Mgeni Aliyepewa Jembe Akatwaa Shamba

Jina la Marekani lilienea kwa wazee wetu kwa njia ya nguo. Meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba, wakakiita merikani, na watu wa bara wakakipokea kwa jina hilo hilo. Wafanya biashara wale hawakusimamisha bendera ya kututawala. Kwa hiyo wako watu, hata waalimu wenzetu, wasemao ya kwamba Marekani ni taifa lisilotwaa nchi ya mtu. Maana lenyewe lilikuwa koloni la Waingereza, likajikomboa, na aliyeonja nira hamvishi mwenziwe. Maneno hayo ni matamu, lakini si kweli, wala mwalimu hana ruhusa ya kuwafundisha watoto lisilo kweli kwa sababu ya utamu wake. Haya, na tuitazame Hawaii.

Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Katika karne ya 19 ilikuwa dola yenye mfalme wake, sheria zake, na mapatano na mataifa makubwa, Marekani ikiwa mojawapo. Mwaka 1820 wamisionari walifika huko kutoka Boston. Waliitia lugha ya wenyeji katika maandiko, wakafungua shule. Na mwaka 1834, katika shule yao ya Lahainaluna, likapigwa chapa gazeti la kwanza la Kihawaii. Wenyeji wakashika elimu kwa bidii nyingi. Sisi tusomao gazeti kwa lugha yetu twajua thamani ya kazi hiyo, wala siidharau.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahawaii waliwapa wageni wao jembe. Lakini baadhi ya wana wa wamisionari, pamoja na wafanya biashara wengine, waligeukia mashamba ya miwa. Mwaka 1875 yalifanywa mapatano kwamba sukari ya Hawaii iingie Marekani bila ushuru, na tangu hapo tamaa ya ardhi ikazidi. Mwaka 1887 watu wa upande wao, wakiwa na kikosi chenye silaha, walimlazimisha Mfalme Kalakaua kutia sahihi katiba iliyompokonya nguvu zake. Katiba hiyo iliwanyima kura wenyeji wengi kwa kuwa hawana mali ya kutosha, ikawapa kura wageni Wazungu hata wasio raia. Watu waliiita Katiba ya Singe, na jina lilistahili.

Mwaka 1891 Malkia Liliuokalani alirithi kiti, na Januari 1893 alitaka kuleta katiba mpya ili kuwarudishia watu wake haki yao. Tarehe 16 ya mwezi huo, kwa agizo la balozi wa Marekani, John L. Stevens, askari zaidi ya 150 walishuka kutoka manowari Boston, wakaingia Honolulu na bunduki zao. Kesho yake watu wachache walitangaza ya kwamba ufalme umekwisha, na balozi akawakubali mara moja kuwa serikali. Malkia, asitake damu imwagike, alijitenga akiandika ya kwamba ashindwa na nguvu za Marekani, wala si za watu wale. Mkuu wa serikali hiyo mpya alikuwa Sanford Dole, mwana wa wamisionari.

Rais Grover Cleveland alimtuma James Blount kuchunguza habari. Blount alipoleta taarifa yake, Cleveland alikiri mbele ya Bunge, Desemba 1893, ya kwamba jambo lile lilikuwa tendo la vita lililofanywa bila idhini ya Bunge. Basi ukweli haukuvumbuliwa na maadui wa Marekani. Ulisemwa na Rais wake. Walakini Dole alikataa kumrudisha Malkia, wala hakuna aliyemshurutisha. Mwaka 1896 serikali yake ilitunga sheria kwamba mafundisho ya shule yawe kwa Kiingereza, na watoto wa wale waliokuwa na gazeti lao tangu 1834 wakakua bila lugha ya mama katika darasa.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1897, walipokuwa kadiri ya 40,000, majina zaidi ya 21,000 yalitiwa katika hati ya kukataa nchi yao kuunganishwa na Marekani. Mapatano ya kuitwaa yakakosa kura za kutosha katika Seneti. Lakini mwaka 1898 vita na Uhispania vilianza, na manowari zikatamani bandari katika njia ya Ufilipino. Bunge likapitisha azimio lisilohitaji theluthi mbili za kura za Seneti, nchi ikachukuliwa. Mwaka ule ule Uhispania ilitoa Puerto Rico, Guam na Ufilipino mikononi mwa Marekani, na Wafilipino waliotaka kujitawala walipigwa vita. Basi lile koloni la zamani likawa na makoloni.

Atasema mtu: “Lakini mwaka 1959 watu wa Hawaii wenyewe walipiga kura kuwa jimbo la Marekani.” Ndivyo, lakini swali walilopewa lilikuwa kama watakuwa jimbo au la. Kurudishiwa nchi yao hakukuwamo katika karatasi. Amwulizaye mtu kama ataka kulala sebuleni au jikoni hajamwuliza nyumba ni ya nani.

Malkia alikuwa Mkristo. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 aliwakumbusha Wamarekani habari za shamba la mizabibu la Nabothi, naye alijua ya kuwa wasomaji wake waijua hadithi hiyo tangu utoto. Miaka 100 baada ya kupinduliwa kwake, Novemba 1993, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi, Rais Bill Clinton akalitia sahihi. Azimio hilo lakiri ya kwamba ekari 1,800,000 zilichukuliwa bila ridhaa ya wenyeji wala malipo kwao. Ekari ngapi zilirudishwa kwa azimio hilo? Hata moja. Na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua ya kwamba maneno hayo ya radhi hayaizuii serikali ya jimbo kuuza ardhi hizo. Zakayo hakufanya hivyo. Yeye alipotubu alifungua mfuko.

Ndugu waalimu, sisemi haya ili tuwachukie Wamarekani, maana Cleveland na Blount nao walikuwa Wamarekani. Nasema ili tusiwapime watawala kwa sifa wajipazo. Tufundishapo habari za taifa lo lote, lililotutawala au lisilotutawala, tuwaambie watoto waulize mambo matatu: wenyeji walisema nini, bunduki zilikuwa wapi siku ile, na shamba li mikononi mwa nani leo. Kwa Hawaii, majibu yote matatu yamekwisha andikwa katika karatasi za Wamarekani wenyewe. Asomaye na asome.