Mimbari Si Mahakama ya Rufaa

Makomredi, kuna desturi moja nchini ambayo tumeizoea hadi hatuioni tena. Mahakama inatoa uamuzi siku ya Ijumaa. Mwanasiasa aliyeshindwa hasemi mengi, anangoja. Jumapili anafika kanisani na msafara wa magari, anakalishwa mbele, anapewa maikrofoni baada ya sadaka, na hapo rufaa yake inaanza. Hataji kifungu chochote cha sheria. Anasema tu majaji wamenunuliwa, au wanapinga mapenzi ya Mungu, na waumini wanapiga makofi. Wakili wa upande wa pili hayupo. Jaji naye hawezi kuja Jumapili inayofuata kujitetea, maana kazi yake haimruhusu. Yeye alishamaliza kusema katika uamuzi wake, ambao pale kanisani pengine hakuna aliyeusoma.

Sisemi viongozi wa dini wanyamaze. Nchi hii ina deni kwa maaskofu na masheikh waliosimama wakati vyama vingi vilipokuwa marufuku. Ninachosema ni kwamba mimbari ikigeuzwa mahakama ya rufaa, anayeumia kwanza ni mwananchi asiye na mimbari.

Wala shida si jaji kuwa mtu wa dini. Mkumbukeni David Maraga. Alipohojiwa mwaka 2016 kwa kazi ya Jaji Mkuu, alisema wazi kwamba yeye ni Msabato na kuketi mahakamani Jumamosi kungekuwa vigumu kwake. Wengi waliguna: kesi ya urais huamuliwa kwa siku 14 tu, sasa Jumamosi itakuwaje? Mwaka uliofuata kesi ikaja, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, majaji 4 kwa 2. Unaweza kuukubali uamuzi ule au kuukataa. Lakini sababu zake zilihusu jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa na matokeo yalivyotumwa. Muislamu, Mkristo na asiyesali popote, wote wangeweza kuzipima. Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wale wakora. Imani ya Maraga ilimpa yeye nguvu ya kusimama. Haikuwa sababu ya hukumu. Tofauti hiyo ndiyo naomba tuishike.

Sasa tuje kwenye kesi zinazotuwasha. Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Viongozi wengi wa dini walishangilia, wakaisifu mahakama kwa hekima. Februari 2023, Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 3 kwa 2, kwamba kuwanyima watu wa kundi hilo haki ya kusajili shirika ni ubaguzi. Ghafla mahakama ile ile ya hekima ikawa adui wa maadili. Kukawa na maandamano, na mimbari zikawaka.

Kusema kweli, ni wangapi kati yetu tuliosoma uamuzi wenyewe? Haukufuta vifungu vya jinai. Haukuhalalisha ndoa yoyote. Ulihusu uhuru wa kujumuika, ule ule unaokuruhusu wewe kusajili chama cha wanafunzi wa kaunti yako. Majaji wawili walipinga, na sababu zao zimeandikwa pia. Mtu anayeuchukia uamuzi ule angepata hoja nzuri kwa hao wawili kuliko alizozipata kanisani.

Mtaniambia: lakini Katiba yenyewe inaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, na Wakenya wengi ni watu wa dini. Kweli kabisa. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na Kifungu cha 160 kinasema mahakama itaongozwa na Katiba na sheria pekee. Waliotunga hawakumsahau Mungu. Walijua tu kwamba sisi hatusali pamoja. Kama wingi wa waumini ndio utaamua kesi, basi Muislamu anayeishi Nyeri na Mkristo anayeishi Wajir wajiandae kushindwa kila siku.

Mnakumbuka habari ya makadhi mwaka 2010? Makanisa mengi yalipinga rasimu ya Katiba, sababu mojawapo ikiwa mahakama za kadhi. Wengine waliogopa kwamba Sharia inaletwa kwa mlango wa nyuma. Kura ikapigwa tarehe 4 Agosti, Katiba ikapita. Leo mahakama hizo zipo, na kazi yake ni ile iliyoandikwa katika Kifungu cha 170: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwa kadhi. Hofu ilikuwa kubwa kuliko maandishi. Ndivyo inavyokuwa tukihubiriwa sheria badala ya kuisoma.

Na mazishi nayo yamekuwa mimbari. Januari 2024, Rais William Ruto aliwashutumu majaji akiwa mazishini Nyandarua, wakati miradi ya serikali, ukiwemo ushuru wa nyumba, ilikuwa inapingwa kortini. Mawakili waliandamana. Lakini mbele ya jeneza nani angenyanyua mkono kuuliza ushahidi uko wapi?

Wapo viongozi wa dini walioliona hili. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu katika ibada kule Butere. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto. Maikrofoni na bahasha huenda pamoja. Ukirudisha moja, nyingine inakuwa rahisi kuikataa.

Majaji si malaika. Wapo wanaokosea, na wapo wanaotuhumiwa kula rushwa. Lakini njia zipo: rufaa, ombi kwa Tume ya Huduma za Mahakama, au Bunge kubadilisha sheria. Zote zina kitu kimoja ambacho mimbari haina: mshtakiwa anapewa nafasi ya kujibu.

Tusijifanye haya ni ya wakubwa tu. Msimu wa uchaguzi wa chama chetu, wagombea hupita kwenye ushirika wa Wakristo asubuhi na kwenye msikiti wa chuo Ijumaa, kila mmoja akiombewa kama mteule. Kura zikibishaniwa, kamati ya malalamiko inaonekana kana kwamba inampinga Mungu, na ni wanafunzi wanne tu wamekaa chumbani na fomu za matokeo. Mwaka huu tuwaambie wagombea: njooni msali nasi, mkae viti vya nyuma, maikrofoni tunawaachia wahubiri. Na uamuzi ukitoka, wa kamati yetu au wa Mahakama ya Juu, tuusome kwanza kabla ya kuusambaza. Hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Bando unalo.