Kiongozi wa Msafara Hutazama Nyuma

Katika miaka ya 1890, njia ya mikokoteni ya ng'ombe iliyojulikana kwa jina la Kapteni Sclater ilitoka upande wa pwani ya Kenya ikaja kukomea Busia. Katika misafara ya miguu ya karne hiyo, kirangozi alitangulia na bendera, na wanyapara wakafuata nyuma wakiwakusanya waliochoka na waliougua. Desturi hiyo ingali na maana. Jamaa kadhaa wa Buhehe, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, wanapokusanya magari manne ya fowili, yaani yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ili wapitie Tororo na kupanda miteremko ya Mlima Elgon kwa ajili ya arusi au matanga, hawana budi kuwa na mtu wa mbele anayeijua njia na mtu wa nyuma asiyemwacha mwenziwe.

Kazi huanza kabla ya siku ya safari. Msafara huwa na kiongozi mmoja, naye hukubaliwa na wote kabla ya injini kuwashwa, maana ubishi wa njiani huzaa ajali. Huyo huandika orodha ya magari na majina ya abiria, watoto wakiwamo, pamoja na njia itakayofuatwa na saa ya kufika. Nakala moja hubaki kwa jamaa aliye nyumbani, ili saa ikipita bila habari aweze kuwaarifu polisi.

Dereva aliyezoea matope hupewa gari la mwisho. Gari hilo ndilo hubeba kamba ya kuvutia, sepeto, pampu ya magurudumu na ubao mnene wa kutandika chini ya jeki, kwa kuwa jeki peke yake huzama katika udongo laini. Dereva asiyeijua njia huwekwa mara tu baada ya kiongozi, na mwendo wa msafara mzima hufuata uwezo wake. Maji ya kunywa na chakula cha watoto havirundikwi katika gari moja; kila gari huwa na akiba yake. Dawa za mwenye maradhi ya kudumu husafiri pamoja naye, si katika mzigo wa gari jingine.

Barabarani kuna kanuni moja ambayo askari waliosafiri kwa misafara wanaifahamu vyema: kila dereva ndiye mlinzi wa gari lililo nyuma yake. Akifika njia panda, husimama mahali pa salama mpaka alione gari hilo, ndipo aendelee. Kwa njia hiyo, gari moja likikwama, la mbele yake husimama, na habari humfikia kiongozi hata pasipo simu. Jambo hili ni muhimu zaidi karibu na mpaka, ambako simu huweza kunasa mtandao wa nchi jirani na kukosa kuita wakati inapohitajika.

Hatari kubwa kuliko zote ni maji. Tororo ni mji wa radi: kati ya mwaka 1967 na 1976, ilirekodiwa huko wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Mvua ikinyesha mlimani, mto ulio bondeni huweza kujaa hata pale ambapo jua linawaka. Fowili humsaidia dereva kutoka matopeni. Haimsaidii kusimama upesi, wala haizuii gari kuelea. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 60 tu, huweza kuchukua magari mengi, hata yaliyo mazito. Tarehe 4 Desemba 2021 si tarehe ya zamani ya kusimuliwa vitabuni. Siku hiyo msiba ulitokea huko Kitui nchini Kenya, pale basi lililochukua wanakwaya kwenda arusini lilipochukuliwa na maji ya Mto Enziu. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Kwa hiyo, mto ukiwa umejaa na kwenda kasi, msafara husubiri ng'ambo ya huku au hurudi. Mtu hatumwi kuingia majini kupima kina. Mahali ambapo maji ni machache, yametulia na chini panaonekana, magari huvuka moja moja kwa gia nzito, na la pili haliingii mpaka la kwanza limetoka.

Kukwama nako kuna hatari yake. Kamba ya kuvutia hufungwa kwenye ndoano imara iliyoungwa katika fremu ya gari, kamwe si kwenye kichwa cha chuma cha kufungia trela, kwani kikikatika huruka kama risasi. Blanketi zito hutandikwa juu ya kamba ili kupunguza nguvu yake ikikatika. Watoto huondolewa mbali, na mtu yeyote hasimami kati ya magari mawili.

Mtihani wa kiongozi huja saa za alasiri, wakati wenyeji wa arusi wanapiga simu, watoto wanalia, na mto uliopo mbele umebadilika rangi. Hapo wote humtazama yeye. Akisema turudi, atalaumiwa jioni hiyo. Akisema tuvuke, huenda asiwepo wa kumlaumu. Kiongozi bora huwaeleza wenziwe tangu nyumbani kwamba neno la kurudi likitoka kwa dereva yeyote litaheshimiwa bila mzaha. Kisha huwahesabu watu wake kila wanaposimama na kila wanapoondoka, akilinganisha na orodha yake, hadi jina la mwisho.