Ziara za Delta ya Tana Zifuate Maji

Aghalabu wanafunzi wanaopelekwa Delta ya Tana kwa ziara ya masomo huteremka Garsen au Kipini, wakapakiwa mashuani, wakaonyeshwa viboko, mamba, ndege na mikoko, kisha wakarejea na madaftari yaliyosheheni majina ya viumbe. Ziara ya namna hiyo haina ubaya, ila huanzia mahali ambapo kisa cha mto kinakaribia ukingoni.

Ikumbukwe kwamba maji yanayofika Kipini yamekwisha kupitia mengi. Kati ya mwaka wa 1968 na 1988 mto huo ulijengewa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye mto Thika unaomwaga maji yake katika Tana. Mwanafunzi wa Nairobi anayedhani anakwenda kuzuru nchi ya mbali huwa ameshaoga maji ya delta hiyo kabla ya kupanda basi.

Huku chini, mafuriko ndiyo uhai. Ndiyo yanayorutubisha mashamba, yanayootesha malisho ya kiangazi na kuyajaza maziwa samaki. Karibu na bahari, Wapokomo (ambao wimbo wao wa kubembelezea mtoto ndio uliozaa lahani ya wimbo wetu wa taifa) hulima mpunga kwa hila ya ajabu: bahari inapojaa, huyasukuma maji baridi ya mto yakapanda hadi mashambani. Mto ukipungukiwa na nguvu, kinachopanda ni chumvi, na mpunga hufa. Mkulima wa huko huyajua bamvua na maji mafu kama ajuavyo majina ya wanawe. Hata hivyo, anayepewa kazi ya kueleza ni kiongozi aliyekariri Kiingereza cha vitabuni, naye mkulima hupigwa picha tu.

Upungufu huu si wa kielimu pekee. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Ni katika mwaka huohuo wa 2012 delta ilipoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege walipata hadhi wakati watu wakizikana. Siasa ilikuwa na mkono wake, bila shaka. Lakini mwanafunzi asiyeonyeshwa malka, yaani njia ya mifugo ya kufikia mto, wala jinsi inavyokutana na shamba, atarudi akiamini kwamba watu hao walizaliwa na uhasama.

Wapo watakaosema kuwa safari ndefu ni ghali. Ni kweli, inaongeza usiku mmoja au miwili. Basi na ipunguzwe siku ya mashua. Kituo cha kwanza kiwe Ndakaini, cha pili Masinga, ndipo Garsen. Na huko Ozi, mkulima wa mpunga na mfugaji wa Kiorma waeleze kwa Kiswahili chao, kila mmoja akilipwa sawa na mwenye mashua.