AFYA NYUMBANI: Dawa kali ya chunusi si ya kuazimana



Vijana wengi hupata chunusi, na kwa walio wengi huondoka zenyewe kadiri miaka inavyopita. Lakini wako wachache ambao chunusi zao ni ugonjwa kweli: uvimbe mkubwa chini ya ngozi, wenye usaha na maumivu, usoni, kifuani na mgongoni, nao huacha makovu ya daima. Kijana wa namna hiyo tusimcheke, wala tusimwambie kwamba hapendi kuoga. Chunusi hazitoki katika uchafu. Zatoka katika vifuko vidogo vya mafuta vilivyo ndani ya ngozi. Wakati wa kubalehe vifuko hivyo hutoa mafuta mengi mno na kuzibika. Vijidudu huongezeka humo, na ngozi huvimba.

Kabla ya kutafuta dawa kali, tutazame kwanza kile tunachojipaka. Katika miji yetu ya Kongo watu wengi hununua mafuta ya kung'arisha ngozi. Baadhi ya mafuta hayo yametiwa dawa za jamii ya kotizoni, na dawa hizo zikipakwa kwa siku nyingi huweza kuleta chunusi zenyewe. Basi, ukienda kwa mganga wa hospitali, usimfiche unachojipaka.

Mganga hujaribu kwanza dawa za kupaka, na pengine antibiotiki za kumeza. Zikishindwa, ndipo huweza kuandika isotretinoini. Dawa hii ni ya jamii ya vitamini A. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, ikauzwa na kampuni ya Roche kwa jina la Accutane, na katika nchi nyingine Roaccutane. Leo yauzwa kwa majina mengi. Hupunguza vifuko vya mafuta na kutuliza uvimbe. Humezwa pamoja na chakula, kwa kawaida muda wa miezi 4 hadi 6. Wengi walioshindwa na dawa nyingine wamepona kwayo. Majuma ya kwanza chunusi zaweza kuzidi. Mgonjwa asikate tamaa, wala asiongeze kipimo kwa shauri lake mwenyewe.

Kwa nini basi yatupasa kuiogopa? Kwa sababu ya mtoto aliye tumboni. Mwaka 1985 waganga wa Marekani walitangaza habari za mimba 154 zilizofikiwa na dawa hii. Nyingi hazikufika mwisho wake, na watoto 21 walikuwa na kasoro za maumbile: masikio madogo au yasiyokuwapo, moyo usiotimia, ubongo ulioharibika. Hakuna kipimo kidogo kisicho na hatari, na siku chache zatosha kuleta madhara. Tena viungo vya mtoto huanza kuumbwa katika majuma ya kwanza, wakati ambapo mama mwenyewe pengine hajajua kwamba ana mimba.

Kwa hiyo Marekani iliweka mwaka 2006 mpango uitwao iPLEDGE. Kwa mpango huo, dawa haitolewi kwa zaidi ya siku 30 kwa mara moja, na mwanamke awezaye kupata mimba hupimwa kabla ya kuianza na kila mwezi anapoimeza. Hata mahali pasipo na mpango kama huo, sheria za kushika ni hizi:

Kwanza: mwanamke asishike mimba tangu mwezi mmoja kabla ya dawa, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Mpango ule wa Marekani hudai njia mbili za kuzuia mimba kwa pamoja, au kujizuia kabisa. Kuhesabu siku za mwezi hakukubaliwi kuwa kinga ya kutosha kwa dawa hii. Anayechagua kujizuia, na ajizuie kweli pasipo kukosa. Jambo hili mume na mke walizungumze wote wawili mbele ya mganga. Msichana naye apewe nafasi ya kusema na mganga peke yake, ili aseme kweli bila hofu.

Pili: akihisi kwamba ameshika mimba, aache dawa papo hapo, aende hospitali siku ile ile. Anayenyonyesha asiimeze.

Tatu: dawa hii haiazimwi. Dada wawili waweza kushirikiana kitenge na sabuni. Vidonge hivi, hata kimoja, hapana. Kaka pia asimpe dada yake vilivyobaki, avirudishe farmasi. Wala mgonjwa, awe mwanaume au mwanamke, asitoe damu mpaka mwezi upite baada ya dawa, maana damu yake yaweza kupewa mama mjamzito.

Nne: asimeze pamoja nayo vidonge vya vitamini A, wala antibiotiki za jamii ya tetrasiklini, zisije zikaleta shinikizo ndani ya kichwa. Damu yake ipimwe, ili ini na mafuta ya damu vijulikane.

Midomo itakauka, na macho pia. Apake mafuta ya midomo, ajikinge na jua kali. Lakini kichwa kikiuma sana, macho yakififia, au tumbo likiuma vikali, amwone mganga upesi. Ninyi wazazi, tazameni pia moyo wa mtoto wenu. Akianza kujitenga, kulia ovyo au kusema maneno ya kutaka kufa, msingoje: mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo.

Kijana anayeona haya kwa uso wake hushawishika kununua vidonge sokoni kwa siri. Wazazi wakimsikiliza mapema na kumpeleka wenyewe hospitali, hatakuwa na haja ya siri hiyo.