Robo nane mkononi: wito kwa watu wetu wa Kensington-Bailey

Nianze na robo nane.

Asubuhi moja ya Februari nilikuwa kituoni hapa Buffalo, pale Bailey inapokutana na Kensington, upepo wa ziwani unakata masikio. Mbele yangu mama mmoja wa kwetu alivua glavu ili ahesabu sarafu. Robo nane ni dola 2, nauli ya safari moja. Alizihesabu mara mbili, maana dereva wa Buffalo harudishi chenji, wala hakuna kondakta wa kumwambia "nitakumalizia nikishuka". Basi namba 19 likafika, akazitumbukiza moja moja, vidole vimekufa ganzi, na sisi wengine nyuma yake tunakanyaga theluji. Mimi nikagusisha kadi nikapita. Kilichoniuma si baridi yake tu. Mama yule analipa zaidi kuliko ninavyolipa mimi, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tupige hesabu. Anakwenda kazini siku 26 kwa mwezi, basi moja kwenda na moja kurudi: dola 4 kwa siku, dola 104 kwa mwezi. Pasi ya mwezi ya NFTA, mamlaka inayoendesha mabasi na treni yetu, ni dola 75. Amepoteza 29. Kwa mwaka ni dola 348, na hiyo kwenye nyumba nyingi ninazozijua ni viatu vya theluji vya watoto wote. Mtasema: basi anunue pasi. Anunue na nini? Tarehe mosi kodi ya nyumba imeshabeba kila kitu. Maskini hulipa rejareja kwa sababu hana fedha ya jumla. Tuliyaona hayo kwenye sukari na mafuta ya taa kabla hatujapanda ndege.

Ndiyo maana nataka kila mtu aachane na sarafu. Mfumo wa MetGo, kwa kadi au kwa simu, unahesabu safari zako. Ukifikisha dola 5 kwa siku moja, safari zinazofuata siku hiyo hulipi. Ukifikisha 75 kwa mwezi, mwezi uliobaki ni wako. Huhitaji kuwa na 75 mkononi tarehe mosi. Sharti ni moja: tumia kadi ileile kila siku. Sarafu hazikumbuki kwamba ulipanda jana.

Halafu kuna nusu nauli. Mwenye miaka 65 na kuendelea, mwenye ulemavu, mwenye kadi ya bima ya Medicare, na mtoto wa miaka 5 hadi 11 wanalipa dola 1, na pasi yao ya mwezi ni dola 37.50. Ninawafahamu mababu wa kanisani kwetu wanaolipa nauli nzima kwa sababu wanaona aibu kuomba. Baba, hiyo siyo sadaka. Sheria ya serikali kuu ndiyo inayoitaka mamlaka yoyote inayopokea fedha zake iwatoze wazee na walemavu nusu nje ya saa za msongamano.

Hospitali ni habari nyingine. Mwenye bima ya Medicaid katika jimbo la New York hatakiwi kujilipia safari ya kwenda kwa daktari. Shirika linaloitwa Medical Answering Services ndilo linalopanga safari hizo, na nauli ya basi pia hurudishwa. Piga simu siku tatu kabla, omba mkalimani wa Kiswahili, waambie jina la kliniki na saa ya miadi. Watu wetu wanaokwenda hospitali ya ECMC pale Grider kwa mifuko yao wenyewe ni wengi mno.

Na kuna deni tusilopenda kulitaja: tiketi ya ndege. Mkimbizi aliyeletwa Marekani alipanda ndege kwa mkopo wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji; hauna riba, lakini unalipwa. Familia ya watu wanane kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma ilianza maisha hapa ikidaiwa maelfu ya dola, na bili zilianza kuja miezi michache tu baadaye, wakati baba bado anatafuta kazi inayofikika kwa basi. Ukishindwa usinyamaze na usitupe barua. Rudi kwa shirika lililokupokea, uombe kiasi cha mwezi kipunguzwe. Kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Haya yote mtu mmoja anaweza kuyafanya peke yake. Ninayowaita tuyafanye pamoja ni mawili.

La kwanza tunalijua toka kwetu. Wakongomani mnaliita likelemba, Watanzania upatu, Wakenya wana chama. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, maiti inasafirishwa mpaka kwetu. Basi tuchange nauli. Watu 20 wakitoa dola 5 kila mwezi ni dola 100: inatosha pasi ya mtu mmoja aliyefika jana, na chenji inabaki. Mgeni akipata kazi, naye anaingia kwenye mzunguko. Mweka hazina asiwe mchungaji wala shehe. Nasema hivi kwa heshima, wanayo ya kutosha.

La pili ni zito. Jiji la New York tangu 2019 lina mpango wa Fair Fares: mtu mwenye kipato kidogo analipa nusu, hata kama ni kijana mwenye afya. Mpango huo haukudondoka kutoka mbinguni. Mashirika ya Community Service Society na Riders Alliance yaliudai tangu 2016, wapanda treni wakasimama kutoa ushuhuda, na 2018 jiji likatenga fedha. Buffalo hatuna nusu nauli ya kipato. Mama wa robo nane hana miaka 65, hana ulemavu, basi analipa sawa na daktari.

Basi tuidai nusu nauli hiyo kwenye bodi ya NFTA: mikutano yake iko wazi kwa umma kisheria, na makamishna wake huteuliwa na gavana, kwa hiyo barua ziende pia Albany. Kwa wasiojua Kiingereza tuombe mkalimani mapema, kwa maandishi. Twende 30, si wawili. Kila mmoja na karatasi moja: ninapanda namba ngapi, naenda wapi, nalipa kiasi gani kwa mwezi.

Kabla ya hapo, kila kanisa na kila msikiti uchague Jumamosi moja. Vijana wa sekondari, ambao simu ni mchezo kwao, wakae mezani na wazee, wakiandaa kadi za MetGo moja baada ya nyingine. Njooni na kitambulisho, kadi ya Medicare au Medicaid, na barua yoyote ya tiketi ya ndege mliyoificha kwenye droo. Na yule mama, ukimkuta kituoni kabla yangu, mwambie asivue glavu.