Chupa ya Kahawia Haiokoi Dawa ya Filamu

Wengi wanaosafisha filamu za rangi nyumbani huamini kwamba divelopa ikitiwa kwenye chupa ya kahawia na kufichwa kabatini, imehifadhika. Imani hiyo ni potofu, na gharama yake ni picha ambazo haziwezi kupigwa tena.

Adui wa dawa za C-41, mfumo ulioletwa na Kodak mwaka 1972 na ambao bado ndio wa kawaida kwa negatibu za rangi, ni oksijeni. Madhara ya mwanga ni madogo mno kando yake. Kiini cha divelopa ni kemikali iitwayo CD-4, isiyofika gramu 5 katika lita moja. Kazi yake ni kuoksidika: hukutana na chembe za fedha zilizopigwa mwanga, huoksidika, kisha huungana na kemikali zilizomo ndani ya filamu na rangi ikazaliwa. Kinachooksidika kwa urahisi kwenye filamu huoksidika vilevile chupani. Salfaiti iliyomo huikinga kwa muda tu.

Chupa ya lita 1 iliyobaki nusu ina hewa nusu lita, na katika hewa hiyo mna oksijeni zaidi ya mililita 100. Kifuniko kikikazwa, oksijeni hufungiwa humo humo pamoja na dawa. Wiki zikipita, divelopa iliyokuwa na rangi hafifu hugeuka kama chai isiyo na maziwa. Chupa ya kahawia huificha dalili hiyo, na ubaya wake mkubwa uko hapo. Divelopa iliyochoka haizidhoofishi tabaka tatu za filamu kwa kiwango kimoja, hivyo rangi hupotoka kwa namna ambayo hata skana hairekebishi.

Dawa ya lita 1 igawanywe katika chupa nne za mililita 250, kila moja ijazwe hadi mdomoni. Ikipungua, gololi safi za kioo hupandisha kimo chake. Kioo ndicho bora. Chupa za soda huzuia oksijeni vizuri kuliko plastiki laini, zikiwemo zile za kukunjwa zinazosifiwa bure, lakini chupa ya soda isiyo na lebo ni hatari kubwa kwa mtoto. Friji ya chakula si mahali pa kemikali hizi kabisa.

Blichi, dawa inayofuata divelopa, ni kinyume chake: chuma kilichomo huchoka kikifanya kazi, na hewa hukirudishia nguvu. Lakini bliksi, yaani blichi na fiksa katika chupa moja, ni chaguo baya kwa anayesafisha filamu mojamoja. Chuma huila thiosalfeti ya fiksa polepole, hadi salfa ikajitenga na kutuama. Blichi na fiksa zikinunuliwa kila moja peke yake, zote mbili hudumu zaidi. Mtu huyo huyo anafaa kununua divelopa ya kimiminika kizito, inayopimwa kidogo kidogo. Ya unga hulazimika kuchanganywa yote kwa mara moja.

Kabla ya kusafisha filamu yenye thamani, ncha yake iliyokwisha kupigwa mwanga ikatwe na kutumbukizwa katika divelopa ya nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Isipoiva ikawa nyeusi, divelopa hiyo imekufa, hata kama chupa yake ni ya kahawia.